Mzawa wa Mlimani Naye Huugua Mlima: Somo kwa Wapagazi, Waongozaji na Familia Zao

Katika kata zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, si rahisi kukuta ukoo usio na mtu aliyewahi kupanda mlima kwa ajili ya kipato. Kaka hubeba mahema, binamu hupika, mjomba ni mwongozaji mwenye leseni, na siku hizi mabinti nao huonekana malangoni wakisubiri zamu. Kazi hiyo hujenga nyumba, husomesha watoto na huongeza ng'ombe zizini. Hata hivyo, wengi huiingia kwa kuwaiga waliotangulia, bila kupata somo rasmi kuhusu yale ambayo mlima huutendea mwili wa binadamu. Matokeo yake ni kwamba dalili ambazo zingetulia kwa kushuka mita mia chache hufichwa mpaka zinapogeuka kuwa msiba.

Somo hili limeandaliwa kwa wakazi wote, hususan vijana wanaotafuta ajira ya upagazi na familia zinazobaki nyumbani zikiwasubiri. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa kuweza kueleza mambo manne: kwa nini mwinuko huugua mtu; namna ya kupanga siku za safari ili mwili upate nafasi ya kuzoea; dalili zinazodai mgonjwa ashushwe mara moja; na mambo ambayo mpagazi na familia yake wanapaswa kuyakamilisha kabla mzigo haujawekwa begani.

Mlima na kazi yake

Kilele cha Uhuru, kilichopo Kibo, kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na ndicho kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika. Katika mlima huohuo, Mawenzi hufuata kwa mita 5,149. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kazi ya kuwapandisha wageni ni ya zamani kuliko hifadhi yenyewe. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na hiyo ndiyo safari ya kwanza iliyoandikwa. Wenyeji wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza wageni hao kwenye njia za msituni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru na Mwenge kileleni. Nyuma ya kila safari ya namna hiyo walikuwapo watu waliobeba chakula, kuni na mablanketi, ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Wapagazi wa leo, ambao wenyewe hujiita «wagumu», ni warithi wao.

Njia za kupandia zinagusa wilaya zote zinazouzunguka mlima. Marangu na Umbwe huanzia Wilaya ya Moshi, Machame huanzia Hai, Lemosho huanzia Londorosi wilayani Siha, na Rongai huanzia Rombo. Wanaopanda kwa Machame, Lemosho na Umbwe kwa kawaida hushukia Mweka. Kanuni za hifadhi hazimruhusu mgeni kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo usalama wa kila msafara, wa wageni na wa wabebaji, umewekwa mikononi mwa wenyeji.

Kwa nini pumzi hupungua

Watu wengi husema kwamba huko juu oksijeni imekwisha. Kauli hiyo haiko sahihi. Hewa ya kileleni na hewa ya mjini Moshi zina kiwango kilekile cha oksijeni, yaani takriban asilimia 21. Kinachobadilika ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua na ile anayoivuta inavyotawanyika. Kwa hiyo kila pumzi inayoingia mapafuni hubeba oksijeni kidogo kuliko ile ya chini. Katika vibanda vya Kibo, penye mwinuko wa takriban mita 4,720, pumzi moja huwa na oksijeni inayozidi kidogo nusu ya ile ya pwani. Kileleni, ni takriban nusu tu.

Mwili una njia zake za kukabiliana na upungufu huo. Mtu huanza kupumua kwa haraka na kwa kina, moyo huongeza mapigo, figo huondoa maji na chumvi kwa wingi zaidi, na baada ya siku kadhaa mwili huanza kutengeneza chembe nyekundu za ziada za damu. Mabadiliko hayo huhitaji muda. Mtu akipanda polepole, mwili humfuata. Akipanda kwa haraka, mwili hubaki nyuma, na hapo ndipo ugonjwa wa mwinuko unapoanzia. Neno «pole pole», ambalo kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza, ni ushauri wa kitabibu kabla ya kuwa maneno ya kufurahisha wageni.

Ugonjwa huu hauchagui mwenye nguvu. Kijana anayeweza kubeba gunia la mahindi kutoka sokoni hadi nyumbani bila kupumzika anaweza kuugua, ilhali mzee anayejikongoja na fimbo akafika salama. Mara nyingi wenye nguvu ndio huumia zaidi, kwa sababu misuli yao huwaruhusu kupanda kwa kasi ambayo mapafu na ubongo havijaikubali.

Hesabu ya kulala

Katika elimu ya milima, mwinuko wenye uzito zaidi ni ule ambao mtu hulala. Mtu anaweza kupanda juu mchana na kurudi chini kulala, na jambo hilo humsaidia kuzoea. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba, baada ya kuvuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku moja ya kutopanda.

Njia ya Marangu inafaa kuwa mfano. Lango liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,870. Usiku wa kwanza hulaliwa Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili hulaliwa Horombo, mita 3,720. Kutoka Horombo, msafara huenda Kibo, mita 4,720. Kila moja ya hatua mbili za mwisho ni mita 1,000, yaani mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa. Safari ya siku tano humfikisha mtu Kibo baada ya kulala mara mbili tu njiani. Safari ya siku sita huongeza usiku wa pili Horombo, ambapo mchana watu hutembea hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia, karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale. Siku hiyo moja, ambayo baadhi ya wageni huiona kuwa gharama ya bure, ni kinga kubwa kwa msafara mzima.

Njia ya Machame kwa siku saba hupanga mambo kwa namna nyingine. Siku ya tatu msafara hupanda hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, takriban mita 3,900. Usiku unaofuata hulaliwa Karanga, karibu mita 4,000, kabla ya kwenda Barafu, takriban mita 4,670. Mwili hupata siku mbili za kuzoea kabla ya hatua ya mwisho.

Siku ya kilele ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa Marangu, msafara huondoka Kibo karibu na usiku wa manane, hupanda mita 1,175 hadi Uhuru, kisha siku hiyohiyo hushuka mita 2,175 hadi Horombo. Wapagazi wengi hawafiki kileleni. Hubaki Kibo au Barafu wakilinda mahema na kuandaa chakula. Hata hivyo, hulala kwenye mwinuko ambao tayari unaweza kuua. Kutofika kileleni hakumkingi mtu.

Imani tatu zinazoponza

Imani ya kwanza ni kwamba mzawa wa mlimani hauguliwi na mlima. Vijiji vya wakazi viko, kwa sehemu kubwa, chini ya mita 1,900. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana karibu na mita 2,500. Kuzaliwa Kilema, Kibosho au Mamba hakuuandai mwili kwa usiku wa mita 4,700.

Imani ya pili ni kwamba aliyewahi kupanda amekwisha kuzoea. Mazoea ya mwinuko hayadumu. Mtu akirudi chini na kukaa wiki chache, mwili wake huanza kupoteza yale uliyoyapata. Mpagazi aliyepanda mwezi Juni akakaa kijijini mpaka Septemba anapaswa kujihesabu kuwa mgeni mlimani, hata kama anakijua kila kijiwe cha njia.

Imani ya tatu ni kwamba maumivu ya kichwa ni ya kawaida na hayastahili kutajwa. Ni kweli kwamba watu wengi huumwa kichwa huko juu. Lakini kila ugonjwa mkubwa wa mwinuko huanza na dalili ndogo iliyonyamaziwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Dalili na hatua za kuchukua

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Apumzike kwenye mwinuko uleule, anywe maji ya kutosha, ale kidogo kidogo, na atoe taarifa kwa mwongozaji. Asitumie pombe wala dawa za usingizi, kwa kuwa hupunguza kasi ya kupumua. Dalili zikiisha, anaweza kuendelea. Zikizidi, ashushwe.

Hali mbili ni za hatari kubwa, na kila mkazi anayekwenda mlimani anapaswa kuzitambua hata akiamshwa usingizini.

Ya kwanza ni kuvimba kwa ubongo. Mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huongea maneno yasiyo na mpangilio, hushindwa kufunga kamba za viatu, hukasirika bila sababu au husinzia kupita kiasi. Kipimo chake ni chepesi: mgonjwa atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, kwa hatua kumi. Akiyumba au kushindwa, asipewe muda wa kusubiri asubuhi.

Ya pili ni maji kujaa mapafuni. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa mfululizo, huchoka ghafla kuliko wenzake, na midomo au kucha zake hugeuka rangi ya samawati. Kifua hutoa sauti ya kukoroma, na baadaye kikohozi huleta povu lenye rangi ya damu. Hali hii mara nyingi hudhaniwa kuwa mafua au nimonia, na kosa hilo hugharimu uhai.

Tiba kuu ya hali zote mbili ni kushuka, mara moja, iwe mchana au usiku, mvua au barafu. Kushuka kati ya mita 300 na 1,000 mara nyingi huleta nafuu inayoonekana. Oksijeni ya mtungi na dawa zinazotolewa na mwongozaji aliyefunzwa husaidia kuvuta muda, lakini haviwi badala ya kushuka. Mgonjwa asishuke peke yake, na asiachwe hemani akilala «mpaka apate nafuu». Kwenye njia pana, machela ya tairi moja hutumika. Pengine hubebwa kwa mikono ya wenzake. Askari wa hifadhi walioko kambini waarifiwe mapema. Tangu mwaka 2022 huduma ya intaneti imefikishwa Horombo, jambo ambalo limerahisisha mawasiliano ya dharura.

Mfano wa kufikirika unaweza kulifafanua jambo hili. Kijana wa miaka 22 anakwenda safari yake ya kwanza kwa njia ya Marangu. Siku ya pili, Horombo, anaumwa kichwa. Hasemi. Amekopa fedha ya viatu, na amesikia kwamba mpagazi anayerudishwa hulipwa siku alizofanya kazi tu. Msafara ni wa siku tano, hivyo kesho yake anabeba mzigo hadi Kibo. Jioni hagusi ugali. Mwenzake wa miaka mingi mlimani anamwona akihangaika kufunga zipu ya koti, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Anamwambia, «Mdogo wangu, hebu nifuate kwenye mstari huu wa mawe.» Kijana anayumba hatua ya nne. Mwenzake haombi ruhusa ya kubishana. Anamwita mwongozaji, na ndani ya nusu saa watu watatu wenye tochi wanamshusha. Alfajiri, Horombo, kijana anaomba uji.

Katika mfano huo, aliyeokoa maisha hakuwa daktari. Alikuwa mtu aliyejua kwamba zipu inaweza kuwa dalili. Ndiyo maana somo hili halimhusu mgonjwa pekee. Ubongo ulioathirika hauwezi kujipima wenyewe, kwa hiyo kila mpagazi ni mlinzi wa mwenzake.

Baridi, mvua na jiko la hemani

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mjini Moshi pakiwa na nyuzi 25, kileleni huwa chini ya sifuri, na usiku wenye upepo hushuka zaidi sana. Hata hivyo, hatari kubwa ya baridi kwa mpagazi huanzia chini, kwenye mvua ya msituni na ukungu wa nyika ya juu. Shati la pamba na suruali ya jinsi vikilowa huchelewa kukauka na huvuta joto la mwili. Mtu aliyelowa mchana akalala na nguo zilezile kwenye mwinuko wa mita 3,700 amejiweka hatarini kabla hata ya kuifikia theluji.

Dalili za mwili kupoteza joto ni kutetemeka, mikono kukosa ustadi na ulimi kuwa mzito. Mtetemeko ukikoma ilhali mtu bado ana baridi na anasinzia, hali imekuwa mbaya. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, akingwe na upepo na ardhi yenye unyevu, na kama ana fahamu timamu apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Vifaa vya lazima kwa mpagazi ni koti na suruali visivyopitisha maji, nguo za sufu au za kitambaa kinachokauka haraka, viatu vyenye soli imara, kofia, glavu, tochi ya kichwani na mfuko wa kulalia unaostahimili baridi. Vingi hupatikana kwa bei ya mitumba katika soko la Memorial mjini Moshi. Mnunuzi akague mishono na zipu kabla ya kulipa.

Onyo moja halipaswi kusahaulika. Jiko lolote linalowaka ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Wapagazi wanaolala katika hema la jikoni huacha jiko likiwaka ili kupata joto, kisha hawaamki. Jiko lizimwe kabla ya kulala, na hema liachiwe nafasi ya hewa kupita.

Mzigo, mizani na makubaliano

Mzigo wa kampuni anaoubeba mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na malangoni upo utaratibu wa kuupima. Udanganyifu hutokea baada ya mizani: watu wengine hurudishwa siku ya kwanza, na mizigo yao huongezwa kwa waliobaki. Mpagazi anayebeba kilo 30 hupoteza fedha na huharibu mgongo na magoti, na zaidi ya hayo huchoka mapema, hukosa maji, hulowa jasho na kuugua mwinuko kwa urahisi. Uzito na ugonjwa ni ndugu.

Kabla ya kukubali safari, mpagazi aulize na kupata majibu ya wazi kuhusu mambo sita: jina kamili la kampuni na la kiongozi wa msafara, idadi ya siku na njia itakayotumika, ujira wa kila siku na tarehe ya kulipwa, milo mingapi kwa siku, mahali pa kulala, na nani atakayegharamia matibabu na usafiri akiugua au kuumia. Majibu hayo yaandikwe. Bakshishi ya wageni ni nyongeza, haihesabiwi kuwa ujira, na ni haki ya wapagazi kujua kiasi kilichotolewa na namna kilivyogawanywa. Mtu aliye chini ya miaka 18 asipelekwe kwenye kazi hii, hata kama mzazi ameridhia.

Kampuni inayomlipa mpagazi aliyeshushwa kwa ugonjwa siku zake zote za safari hufanya jambo la utu na la busara kwa pamoja, kwa sababu huondoa sababu kubwa ya watu kuficha dalili. Waongozaji, ambao wengi ni wakazi wa kata hizihizi, wana nafasi ya kulitetea jambo hilo mbele ya waajiri.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Hatua ya kwanza ni afya. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, pumu kali au upungufu wa damu asipande kabla ya kumwona daktari. Mwenye homa au maambukizi ya kifua asubiri apone. Zahanati na vituo vya afya vya kata vinaweza kupima shinikizo la damu na wingi wa damu, na inapolazimu kumpa mtu rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi au KCMC.

Hatua ya pili ni taarifa. Familia iachiwe karatasi yenye jina la kampuni, namba ya simu ya ofisi, njia, tarehe ya kupanda na tarehe ya kurudi. Mama anayejua kwamba mwanawe alipaswa kutoka lango la Mweka siku ya Jumatano ataanza kuuliza Jumatano jioni. Asiyejua ataanza kuuliza Jumapili. Kwa dharura zinazotokea vijijini na barabarani, namba ya bure ya Polisi ni 112 na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hatua ya tatu ni kujiunga na wengine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wapagazi kinaweza kuomba mkopo huo kwa mradi wenye tija, kwa mfano kununua makoti, mifuko ya kulalia na tochi na kuvikodisha kwa bei nafuu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayeeleza masharti ya usajili wa kikundi na uandishi wa andiko la mradi.

Msitu unaotulisha

Mlima ni chanzo cha maji kabla ya kuwa chanzo cha ajira. Mvua na ukungu vinavyodakwa na msitu ndivyo vinavyolisha sehemu kubwa ya chemchemi, mito na mifongo inayomwagilia vihamba. Barafu ya kileleni, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka, huchangia kidogo sana. Kwa hiyo anayeulinda msitu anaulinda mgomba wake. Moto wa Oktoba 2020, ambao wananchi na wanafunzi walipanda kuuzima bega kwa bega na askari wa hifadhi, ulionyesha jinsi cheche moja ya nyika ya juu inavyoweza kuwahangaisha watu wa wilaya nzima. Mpagazi asiwashe moto wa kuni, asitupe kipisi cha sigara, na ashushe taka zote alizopanda nazo.

Muhtasari

Ugonjwa wowote unaompata mtu mlimani uhesabiwe kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili asipande zaidi. Anayezidiwa ashushwe mara moja, na asiwe peke yake. Jiko lisilale hemani. Mzigo upimwe na makubaliano yaandikwe. Kilele kitakuwapo mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Mtoto wa watu ni mmoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu aliyezaliwa Marangu anaweza kuugua mwinuko sawa na mgeni kutoka ng'ambo?

2. Msafara umelala Horombo usiku mmoja tu na unatarajia kulala Kibo kesho. Mahali pa kulala pataongezeka kwa mita ngapi, na kiwango hicho kinazidi ushauri wa wataalamu kwa kiasi gani?

3. Mpagazi mwenzako anakohoa, anahema akiwa ameketi, na midomo yake imebadilika rangi. Ni saa saba usiku na mvua inanyesha. Eleza hatua tatu za kwanza.

4. Taja mambo sita ambayo mpagazi anapaswa kuyauliza kabla ya kukubali safari.

5. Ni taarifa zipi ambazo familia yako inazo sasa hivi kuhusu ndugu aliyeko mlimani? Ni zipi zinazokosekana?

Swali la tano lijibiwe nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, watu wote wa nyumba wakiwapo.